Mourinho na Ukuta Wake: Sifa Iliyojengwa kwa Ulinzi na Jinsi Ilivyopungua

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii humjia mtu moyoni kila linapotajwa jina la José Mourinho, mwalimu wa kandanda kutoka Ureno. Katika mesi za askari, katika vituo vya polisi wakati zamu zinapobadilishana, na hata nyumbani baada ya chakula cha jioni, jina hili huleta ubishi mkali. Mmoja husema kwamba huyu ndiye bingwa wa walimu wote wa zama zetu. Mwingine hujibu kwamba huyo ni mwoga aliyeuharibu mchezo kwa kuwapanga watu mbele ya lango lake kama magunia ya mchanga. Wa tatu huongeza kwa huruma kwamba alikuwa mkubwa, lakini saa yake imepita.

Kila mmoja wao anayo sehemu ya ukweli, lakini sehemu ya ukweli si ukweli mzima. Na kwa kuwa ulinzi ndiyo kazi ya kila siku ya wengi wa wasomaji wa gazeti hili, yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tupime maneno ya pande zote kwa mizani ya haki. Je, ni ulinzi uliomshusha Mourinho? Au ni jambo jingine, ambalo laweza kumshusha mkuu yeyote wa kikosi, awe ameshika bunduki au awe ameshika mpira?

MWANA WA MLINDA MLANGO

Mourinho alizaliwa tarehe 26 Januari 1963 katika Setúbal, mji wa bandari ulio kusini ya Lisbon. Baba yake, Félix Mourinho, alikuwa mlinda mlango aliyezichezea timu za Vitória de Setúbal na Belenenses, na baadaye akawa mwalimu wa mpira. Basi mtoto huyu alilelewa katika nyumba ambayo riziki yake ilitegemea kuzuia. Katika nyumba za wachezaji wengine furaha ni bao lililofungwa. Katika nyumba ya mlinda mlango furaha ni bao lisiloingia. Mtu asishangae, basi, kuona kwamba mwana huyo alipokuwa mkubwa aliuanza mchezo kwa kulifikiria lango lake kwanza.

Yeye mwenyewe hakujaliwa kipaji cha miguu. Alicheza kidogo, akaona kwamba njia hiyo haitamfikisha mbali. Akasomea elimu ya viungo mjini Lisbon, kisha akafundisha somo hilo shuleni. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwa maana wengi waliokuja kumsifu au kumlaumu walisahau kwamba alianza kwa chaki na filimbi mbele ya watoto wa shule.

Mwaka 1992 Mwingereza Bobby Robson alikwenda kuifundisha Sporting ya Lisbon, akahitaji mkalimani. Kazi hiyo akapewa Mourinho. Alimfuata Robson mpaka Porto, na mwaka 1996 mpaka Barcelona. Robson alipoondoka, Mourinho alibaki huko chini ya Mholanzi Louis van Gaal mpaka mwaka 2000. Wako waliomdharau wakimwita mkalimani tu. Lakini mkalimani mwenye akili hufikisha maneno ya mkuu kwa watu na ya watu kwa mkuu, na katika kufanya hivyo hujifunza kazi ya wote wawili.

KUPANDA NGAZI

Mwaka 2000 alipewa timu yake ya kwanza, Benfica ya Lisbon, lakini hakukaa huko ila majuma machache. Akaenda União de Leiria, timu ndogo, na mnamo Januari 2002 akaitwa Porto. Hapo ndipo dunia ilipoanza kumfahamu. Mwaka 2003 Porto ilitwaa ubingwa wa Ureno, tena ikachukua Kombe la UEFA kwa kuishinda Celtic ya Scotland mabao 3 kwa 2 mjini Sevilla, katika muda wa ziada. Mwaka uliofuata ilitwaa ubingwa mara ya pili, na tarehe 26 Mei 2004, katika mji wa Gelsenkirchen nchini Ujerumani, ikaifunga Monaco mabao 3 kwa 0 na kuwa bingwa wa klabu za Ulaya. Timu hiyo haikuwa na fedha nyingi kama jamaa zake wa Hispania, Italia na Uingereza. Ilikuwa na mpango, na ilikuwa na watu walioutii mpango huo.

Muda mfupi baadaye Chelsea ya London ilimchukua. Katika mkutano wake wa kwanza na waandishi wa habari alisema waziwazi kwamba yeye ni mtu wa pekee. Waingereza walicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu. Katika msimu wa 2004/05 Chelsea ilicheza michezo 38 ya ligi, ikashinda 29, ikatoka sare 8, ikashindwa mmoja tu. Ilipata pointi 95. Katika michezo hiyo yote ilifungwa mabao 15 peke yake, na mpaka msimu wa 2024/25 ulipomalizika hapakuwa na timu nyingine katika Ligi Kuu ya Uingereza iliyoweza kufungwa mabao machache kuliko hayo. Mlinda mlango Petr Čech, walinzi John Terry na Ricardo Carvalho, na mbele yao Claude Makélélé, walikuwa kama lango la chuma.

Lakini tusisahau upande wa pili wa hesabu. Timu hiyo hiyo ilifunga mabao 72. Katika pembe zake walikuwamo Arjen Robben na Damien Duff, vijana wenye mbio na hila, ambao mlinzi akikosa hatua moja hawaoni tena ila kisogo. Kwa hiyo asemaye kwamba Mourinho alijua kuzuia tu, huyo hakuitazama Chelsea ya mwaka ule. Mwaka 2006 akatwaa ubingwa tena.

UKUTA HUJENGWAJE

Kwa mama au kijana asiyeufuata sana mchezo huu, yafaa tueleze jinsi ukuta wa namna hii unavyofanya kazi, maana wengi huusikia ukitukanwa bila ya kuuelewa.

Uwanja mkubwa wa kandanda una urefu wa mita 105 hivi na upana wa mita 68. Watu kumi, ukimwacha mlinda mlango, hawawezi kuilinda ardhi yote hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa ulinzi huwaambia watu wake hivi: mwachieni adui ardhi isiyo na faida, nanyi mshike ardhi yenye faida. Ardhi yenye faida ni ile iliyo mbele ya lango, katikati. Hapo hupangwa mistari miwili ya watu wanne wanne, karibu karibu, mstari mmoja nyuma ya mwingine. Mpira ukienda kulia, mistari yote husogea kulia. Ukienda kushoto, husogea kushoto. Adui huachiwa pembe, apige mipira ya juu, na mipira hiyo huondolewa kwa vichwa na walinzi warefu.

Huo ni nusu ya mpango. Nusu ya pili ni mtego. Adui anapowapandisha watu wake wengi ili kuuvunja ukuta, huacha nyuma yake uwanja mtupu. Mpira ukinyang'anywa, watu wawili au watatu wenye mbio hutoka kama mshale kuelekea huko. Askari aliyepata kufundishwa kuvizia hahitaji maelezo zaidi. Anayevizia hakulala, ametulia akingoja wakati.

Mpango huu hautaki vipaji vingi, lakini wataka nidhamu, saburi na imani. Nidhamu, kwa sababu mmoja akiliacha pengo lake ukuta wote huwa wazi. Saburi, kwa sababu mtu hukimbia dakika nyingi bila ya kuugusa mpira. Na imani ni kubwa kuliko vyote, kwa sababu hakuna mchezaji anayependa kazi hiyo. Ataifanya tu iwapo anamwamini anayemwagiza.

Wala Mourinho siye aliyeubuni ulinzi wa namna hii. Katika miaka ya 1930 Karl Rappan, Mwaustria aliyefundisha nchini Uswisi, alipanga timu zake kwa mtindo ulioitwa kwa jina lenye maana ya komeo la mlango. Baadaye Helenio Herrera aliifanya Inter ya Milano kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa mtindo ambao Waitalia nao waliupa jina la komeo. Lakini mwaka 1967, mjini Lisbon, Celtic iliishambulia Inter tangu mwanzo hata mwisho, ikaishinda mabao 2 kwa 1. Komeo lilivunjika, na sifa ya Herrera haikurudi tena katika kimo chake cha awali. Yaliyompata mwenzake huyo yangefaa kuwa fundisho kwa Mourinho.

USIKU WA TAREHE 28 APRILI

Baada ya kuachana na Chelsea mwaka 2007, Mourinho alikwenda Inter hiyo hiyo mwaka 2008. Akatwaa ubingwa wa Italia mwaka 2009. Mwaka 2010 alifika nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Barcelona ya Pep Guardiola, timu iliyosifiwa duniani kote kwa kupasiana mpira. Milano Inter ilishinda mabao 3 kwa 1. Marudiano yalikuwa Barcelona, tarehe 28 Aprili 2010.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijafika hata nusu saa Thiago Motta wa Inter alipotolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi walibaki kulinda kwa muda uliozidi saa nzima, ugenini, mbele ya umati uliowazomea. Mpira ulikuwa miguuni mwa Barcelona karibu wakati wote. Na nani alionekana akimkimbiza adui pembeni, karibu na kibendera cha kona yake mwenyewe? Ni Samuel Eto'o wa Kameruni, mfungaji mkubwa aliyekuwa akiichezea Barcelona mwaka uliotangulia, sasa akifanya kazi ya mlinzi wa pembeni bila ya kunung'unika. Katika dakika ya 84 Gerard Piqué aliifungia Barcelona bao, lakini la pili halikupatikana. Inter ilishindwa bao 1 kwa 0 na ikapita kwa jumla ya mabao 3 kwa 2.

Tarehe 22 Mei, mjini Madrid, Inter iliifunga Bayern ya Ujerumani mabao 2 kwa 0, yote mawili ya Diego Milito. Ikawa timu ya kwanza ya Italia kutwaa ubingwa wa nchi, kombe la nchi na ubingwa wa Ulaya katika msimu mmoja. Hapo Mourinho alikuwa amefika juu kabisa ya ngazi. Lakini msomaji aukumbuke mguu wa Eto'o uliokimbia pembeni usiku ule, kwa maana ndani yake mna jibu la swali letu.

MAJI KATIKA TEMBO

Mwaka 2010 alikwenda Real Madrid. Mnamo Novemba mwaka huo Barcelona ilimfunga mabao 5 kwa 0, lakini alivumilia. Mwaka 2012 aliipa Real ubingwa wa Hispania kwa pointi 100 na mabao 121, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa katika ligi hiyo kabla yake. Hapa tena wale wamwitao mwoga hawana budi kunyamaza kidogo. Hata rekodi yake ya nyumbani ilikuwa ya ajabu: tangu Februari 2002 mpaka tarehe 2 Aprili 2011, akiwa na timu nne mbalimbali, hakushindwa mchezo hata mmoja wa ligi katika uwanja wa nyumbani, michezo 150 kwa jumla.

Hata hivyo ilikuwa Madrid ambako watu waliona sura nyingine. Alishindwa nusu fainali za Ulaya mara tatu mfululizo, mwaka 2011, 2012 na 2013. Aligombana na waamuzi, na waandishi wa habari, na hatimaye na baadhi ya wachezaji wake wakubwa. Mnamo Agosti 2011, katika vurugu za mwisho wa mchezo, alimtia kidole jichoni msaidizi wa mwalimu wa Barcelona, mbele ya dunia nzima. Mwaka 2013 akaondoka.

Akarudi Chelsea. Hapa kuna kinyume cha kuchekesha. Mwaka 2004, Tottenham ilipokwenda kwake ikazuia mpaka mchezo ukaisha bila ya bao, ni yeye aliyelalamika kwamba wageni wameegesha basi mbele ya lango. Msemo huo ukaenea, na baada ya miaka kumi ukamrudia mwenyewe. Tarehe 27 Aprili 2014 Chelsea yake iliegesha basi uwanjani kwa Liverpool, ikashinda mabao 2 kwa 0, na tumaini la Liverpool kuwa bingwa likafifia. Mwaka 2015 alikuwa bingwa kwa mara ya tatu na klabu hiyo.

Lakini haikupita hata miezi minane. Mnamo Desemba 2015 Chelsea, bingwa mtetezi, ilikuwa ya 16 katika ligi, imeshindwa michezo 9 kati ya 16. Wachezaji walikuwa karibu wote wale wale. Ukuta ulikuwa ule ule kwenye karatasi. Kilichobadilika ni moyo. Baada ya kushindwa na Leicester, mwalimu alisema hadharani kwamba kazi yake imesalitiwa na wachezaji. Siku chache baadaye akaachishwa kazi.

HESABU ZAGEUKA

Mwaka 2016 Manchester United ilimpa kazi. Mwaka uliofuata alitwaa Kombe la Ligi na Kombe la Europa, na si haki kuyasahau. Lakini tuitazame ligi, kwa kuwa ligi ndiyo kipimo cha kila juma.

Katika msimu wa 2016/17 Manchester United ilishindwa michezo 5 tu kati ya 38. Chelsea, iliyokuwa bingwa mwaka huo, nayo ilishindwa michezo 5. Kwa nini basi Chelsea ikawa ya kwanza kwa pointi 93, na United ikawa ya sita kwa pointi 69? Jibu ni sare. Chelsea ilitoka sare mara 3, United mara 15. Tangu mwaka 1981 ligi ya Uingereza hutoa pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Zamani, ushindi ulipokuwa na pointi mbili, sare ilikuwa nusu ya ushindi. Sasa ni theluthi yake. Mtu asiyeshindwa lakini hashindi ni kama mkulima asiyeibiwa mazao lakini hakupanda.

Msimu wa 2017/18 United ilipata pointi 81 na kuwa ya pili. Miaka miwili kabla, Leicester ilikuwa imetwaa ubingwa kwa pointi 81 hizo hizo. Lakini sasa Manchester City, chini ya Guardiola yule yule wa Barcelona, ilipata pointi 100. Kimo cha ushindi kilikuwa kimepanda, na ngazi ya Mourinho ilibaki na urefu ule ule.

Sababu ilikuwa katika mtego wenyewe. Walimu wapya walikuwa wameusoma. Guardiola, na Mjerumani Jürgen Klopp wa Liverpool, waliwafundisha watu wao kwamba mpira ukipotea usirudi nyuma, bali mzingire mara moja yule aliyeuchukua, kabla hajainua kichwa. Kwa njia hiyo mshale wa mtegaji ulinaswa ungali katika upinde. Ukuta ulibaki ukuta tu, hauna mtego tena. Na ukuta usio na mtego hupigwa mpaka utoboke.

Machi 2018 yatosha kuwa mfano. Dhidi ya Sevilla, katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya, United ilitoka sare ya 0 kwa 0 ugenini, kisha ikashindwa nyumbani mabao 2 kwa 1. Baada ya hapo Mourinho aliwakumbusha waandishi kwamba kutolewa si jambo geni kwa klabu hiyo, na kwamba yeye mwenyewe alipata kuitoa mara mbili katika uwanja huo huo, akiwa na Porto na akiwa na Real. Alisema kweli. Lakini ni mkuu gani asimamaye mbele ya kikosi chake kilichoshindwa akajisifu jinsi alivyowahi kukipiga? Tarehe 18 Desemba 2018 aliondolewa, timu ikiwa nyuma ya kiongozi wa ligi kwa pointi 19.

Tottenham, iliyomchukua Novemba 2019, iliongoza ligi kwa muda mwishoni mwa mwaka 2020. Lakini ugonjwa ulikuwa umo. Mnamo Oktoba 2020 iliitangulia West Ham kwa mabao 3 kwa 0 mpaka dakika ya 82, kisha ikarudi nyuma na kusawazishiwa 3 kwa 3. Mnamo Machi 2021 ilikwenda Zagreb ikiwa na akiba ya mabao mawili, ikafungwa 3 kwa 0 na kutolewa. Tarehe 19 Aprili 2021 mwalimu aliachishwa kazi, siku sita kabla ya fainali ya Kombe la Ligi.

JE, AMEKWISHA?

Haki yataka tuseme pia kwamba hakuporomoka kwa mara moja. Mwaka 2021 alikwenda Roma, na tarehe 25 Mei 2022, mjini Tirana nchini Albania, Roma ilishinda Kombe la Conference kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Feyenoord ya Uholanzi. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza kwa Roma tangu mwaka 2008, na watu wa mji ule walimlilia kwa furaha, naye akalia nao. Mwaka 2023, mjini Budapest, alifika fainali ya Kombe la Europa, akashindwa na Sevilla kwa penalti. Hiyo ilikuwa fainali yake ya kwanza ya Ulaya kupotea baada ya kushinda tano. Lakini hata hapo alimfuata mwamuzi mpaka kwenye maegesho ya magari na kumtolea maneno makali, akafungiwa michezo minne. Januari 2024 Roma, ikiwa ya tisa katika ligi, ilimwachisha.

Juni 2024 alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Mwishoni mwa Agosti 2025 aliachishwa huko pia, siku mbili baada ya kutolewa na Benfica katika mchujo wa kuingia Kombe la Mabingwa. Na mnamo Septemba mwaka huo huo, Benfica iliyomtoa ndiyo iliyomwajiri, miaka ishirini na mitano tangu ilipompa kazi ya kwanza. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

HUKUMU YETU

Sasa tulirudie swali. Je, ni ulinzi uliomshusha? Twajibu: sivyo. Mwaka 2022, katika Kombe la Dunia nchini Qatar, Moroko chini ya Walid Regragui ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Mpaka kufikia hatua hiyo ilikuwa imefungwa bao moja tu, nalo ilijifunga yenyewe. Bara zima lilishangilia, wala hatukumsikia mtu akisema kwamba Wamoroko ni waoga. Ulinzi uliopangwa vema ni silaha ya mtu mwenye mali kidogo dhidi ya mwenye mali nyingi, na hakuna aibu ndani yake.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mbinu iliyoshinda jana itashinda milele. Adui hujifunza. Kila afisa ajua kwamba njia ya doria isiyobadilishwa hugeuka kuwa njia ya kuviziwa. Mourinho aliwashangaza wenzake mwaka 2004. Kufikia mwaka 2018 walikuwa wamekwisha kumsoma.

Kosa la pili, nalo ndilo kubwa zaidi, ni ulimi. Tumesema kwamba ukuta hujengwa kwa imani. Mshambuliaji hufurahia kazi yake, hata asipompenda mkuu wake. Lakini mtu anayetakiwa kukimbia dakika tisini ili mwingine asifunge hana malipo mengine ila heshima ya mkuu wake. Ukimlaumu huyo hadharani, umemnyang'anya mshahara wake. Hii ndiyo sababu timu nyingi za Mourinho zilivunjika katika mwaka wa tatu: Real mwaka 2013, Chelsea mwaka 2015, United mwaka 2018, Roma mwaka 2024. Mwaka wa kwanza wachezaji walimwamini. Wa pili walishinda kwa ajili yake. Wa tatu walikuwa wamechoka kuwa ngao yake ilhali yeye hakuwa ngao yao. Eto'o alikimbia pembeni mwaka 2010 kwa sababu alijua kwamba mwalimu wake angesimama mbele yake lau mambo yangeharibika. Wachezaji wa Chelsea mwaka 2015 hawakuwa na hakika hiyo.

Fundisho hili si la viwanja vya Ulaya peke yake. Sajini anayemkemea askari wake faraghani na kumtetea mbele ya wageni atapata watu wa kukesha naye zamu mbaya kuliko zote. Anayefanya kinyume chake atapata watu wa kusimama tu mpaka saa ya zamu iishe. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Baba amtangaziaye jirani makosa ya mwanawe, au mama asimuliaye kisimani aibu za mumewe, asishangae siku ya shida akitafuta wa kusimama naye, asimwone.

Ubishi kuhusu Mourinho hautakwisha leo, nasi hatutaki uishe, kwa maana ubishi mwema ni sehemu ya utamu wa mchezo. Lakini mbishi atakapouliza ni nani aliyeubomoa ukuta ule mkubwa, ajibiwe kwamba washambuliaji waliupasua kidogo tu. Aliyeziondoa nguzo zake ni yule yule aliyezisimamisha.